Macho Mazima Lakini Mtoto Haoni: Ni Jambo la Chama



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi, buti na makoti ya mvua. Leo tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya mtoto mchanga. Msomaji asiseme kwamba tumepotea njia tukaingia kliniki. Asome mpaka mwisho, kisha aamue mwenyewe kama jambo hili ni la mama peke yake au ni la chama.

Tunaandika kutoka magharibi mwa Uganda, kwenye mashamba ya chai. Katika laini zetu wanakaa watu wa makabila mengi. Wapo waliotoka Kongo, wapo waliotoka Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha jioni kwenye mizani. Habari tutakayoieleza ilitokea kwetu, miaka michache iliyopita.

Mama mmoja, mchuma chai, alishikwa na uchungu saa tatu usiku. Shamba lilikuwa na gari. Lakini ufunguo ulikuwa kwa dereva, dereva hakuweza kutoa gari bila karatasi ya meneja, na meneja alikuwa mjini. Mumewe alizunguka na tochi mpaka saa nane. Mwishowe ilipatikana pikipiki, mama akapakiwa katikati ya watu wawili, wakafika hospitali kunapambazuka. Mtoto alizaliwa hakulia. Wakunga walimshughulikia mpaka akapata pumzi, lakini siku ya pili akashikwa na degedege. Baada ya siku tisa waliruhusiwa kurudi nyumbani.

Mtoto alinyonya, akanenepa. Watu wakasema Mungu ni mkubwa. Lakini alipofika miezi mitatu mama akaona jambo. Watoto wengine wa rika lile walimwangalia mama usoni na kucheka. Wake hakumwangalia mtu. Aliukodolea macho mlango mahali mwanga unapoingia, au alituliza kichwa kama mtu anayesikiliza redio. Jirani mmoja akasema ni kijicho. Mwingine akasema ni makosa ya ukoo wa baba. Wa tatu akaleta majani ya kukamulia machoni. Tunamshukuru mama yule kwa kuyakataa, kwa sababu majani ya namna hiyo yamewapofusha watu waliokuwa wanaona.

Alimpeleka mtoto kwa daktari wa macho. Daktari akamulika, akatazama, akasema macho ni safi kabisa. Mama akarudi ana furaha na wasiwasi pamoja. Kama macho ni mazima, mbona mtoto haoni?

Safari hizo zilikula siku zake za kazi. Alikuwa kibarua, analipwa kwa kilo. Mara ya kwanza nyapara alimsamehe. Mara ya tatu alimwonya. Mara ya sita jina lake halikuitwa asubuhi. Akaja ofisi ya tawi letu, mtoto mgongoni, akasema: "Wazee wangu, sikuja kuomba pesa. Nataka mniulizie kosa langu ni lipi."

Na sisi tukamjibu nini? Tulimwambia: "Mama, pole sana. Lakini haya ni mambo ya nyumbani kwako. Chama kinashughulika na mambo ya kazi." Akaondoka bila neno. Tunaiandika habari hii kwa aibu, maana kumkosoa mwajiri ni rahisi, na kujikosoa wenyewe ndiko kugumu.

Baadaye mmoja wetu alimsindikiza ndugu yake kwenye chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini, akamkuta mama yule yule kwenye foleni. Mtaalamu wa pale alikaa nasi akatufahamisha. Mengine tumejifunza kwa kuuliza waganga na wauguzi, na sasa tunayaleta kwenu.

Kuona si kazi ya macho peke yake. Fikirini mizani yetu ya jioni. Kikapu kinaning'inizwa, mshale unasimama kwenye kilo, lakini mizani haijui kusoma. Anayesoma na kuandika ni karani. Karani akiumia, mizani inaweza kuwa nzima kabisa na bado kilo zako zisiandikwe. Macho ndiyo mizani. Karani ni ubongo, hasa sehemu iliyo nyuma, huku kisogoni, pamoja na mishipa inayopeleka habari kutoka machoni mpaka huko. Mtoto akiumia ubongo kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika wiki za kwanza, karani huyu anaweza kuumia. Daktari akimulika macho hataona kasoro, na kweli huenda machoni hamna kasoro. Hata hivyo mtoto haoni sawasawa.

Msidhani jambo hili ni la nchi maskini tu. Katika nchi tajiri kama Uingereza, siku hizi kuumia ubongo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya watoto kutoona vizuri. Huko magonjwa mengi ya macho yenyewe yanatibiwa mapema, na watoto waliozaliwa kabla ya wakati wanaokolewa. Hata kwetu, kadiri watoto wachanga wengi zaidi wanavyopona kifo, ndivyo tutakavyowaona wengi waliopona wakiwa na jeraha hili. Tusiwaite vipofu kabla hatujawapima, wala tusiwaite wajinga.

Liko jambo lililotushangaza. Mama alituambia kwamba kitu cha kwanza mtoto wake kukifuata kwa macho hakikuwa uso wa mtu. Kilikuwa jerikeni ya njano, ile ya mafuta ya kupikia tunayotekea maji, ikipita mlangoni mkononi mwa msichana. Jerikeni ikiwekwa chini, mtoto haioni tena. Ikiinuliwa na kutembea, anaiona. Majirani walisema mtoto anajifanya. Hajifanyi. Katika Vita Kuu ya Kwanza daktari mmoja Mwingereza, George Riddoch, aliwachunguza askari waliopigwa risasi kisogoni. Mwaka 1917 aliandika kwamba baadhi yao hawakuweza kuona kitu kilichotulia, lakini kitu hicho kikisogea walikitambua. Ubongo una njia zaidi ya moja ya kuona, na njia ya mwendo huweza kubaki hata nyingine zikikatika. Basi jerikeni ile ilitufundisha somo ambalo madaktari walilipata vitani.

Dalili nyingine ni hizi. Mtoto wa kawaida akifika wiki sita mpaka nane huanza kuuangalia uso na kucheka, na kwenye miezi mitatu hufuata kitu kinachopita mbele yake. Aliyezaliwa kabla ya wakati ahesabiwe kuanzia tarehe ambayo angezaliwa. Mtoto aliyeumia karani hupitisha muda huo haangalii. Anaweza kuikodolea taa au dirisha, au pengine akauchukia mwanga. Asubuhi akiwa ameshiba na nyumba imetulia anaona kidogo. Jioni akiwa amechoka, redio inalia na watu wanabishana, haoni kitu. Akinyoosha mkono kushika kitu hugeuza uso pembeni. Wengi wao pia huchelewa kukaa, viungo hukaza au kulegea, na wengine wana kifafa. Ukiona haya usingoje mwaka upite. Nenda.

Sasa tuulize: ubongo wa mtoto unaumizwa na nini? Sababu ni nyingi. Iko ya kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, uchungu unapochukua muda mrefu bila msaada. Iko ya kuzaliwa njiti, kabla ubongo haujakomaa. Na njiti anaweza kuumia pia pazia la ndani la jicho lenyewe, ndiyo sababu achunguzwe yote mawili, macho na ubongo. Iko ya sukari kupungua mno katika damu ya mtoto asiyenyonya siku za kwanza, ambayo huumiza hasa sehemu ile ya kisogoni. Ziko manjano kali isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, na malaria inayopanda kichwani. Tena maambukizo ya mtoto mchanga yanaweza kuleta maji kichwani. Hapa Uganda madaktari wa hospitali ya watoto ya Mbale wamewapasua watoto wengi wenye maji kichwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na waligundua kwamba wengi wao walianza kwa maambukizo. Kichwa cha mtoto kikikua haraka kupita kawaida, usimfunike kitambaa kwa aibu. Mpeleke.

Si kila jeraha linaweza kuzuiwa. Yako yanayotokea hata mbele ya daktari bingwa. Wala si kila jeraha ni kosa la mwajiri, na kabisa si kosa la mama. Lakini tazameni orodha ile tena. Mengi ndani yake ni habari ya saa na ya umbali. Msaada ulikuwa mbali, au ulichelewa, au mama aliogopa kuufuata kwa kuwa angepoteza kibarua chake. Hapo ndipo kazi inapoingia, na chama pia.

Sisi watu wa chai tunajua maana ya kuchelewa. Jani likichumwa linatakiwa kiwandani siku ile ile. Likilala kwenye gunia linapata moto na kuharibika. Kwa hiyo jani lina trekta. Trekta halikosi mafuta, dereva wake halali mpaka mzigo wa mwisho uingie, na barabara ikiharibika inatengenezwa kesho yake. Hakuna meneja anayesema kwamba usafiri wa jani ni mambo ya nyumbani kwa jani. Ubongo wa mtoto ukikosa hewa huanza kuumia katika dakika chache tu, wala hautengenezwi kiwandani. Tunauliza: jani lina gari usiku, kwa nini mama aliyelichuma jani hilo hana?

Waajiri watasema ni gharama. Tunajibu kwamba gari lipo, dereva yupo, mafuta yapo. Kinachokosekana ni ufunguo kukaa mahali unapopatikana, na amri moja iliyoandikwa. Watasema tena kwamba vibarua si wafanyakazi wa kudumu. Tunajibu kwamba uchungu wa kuzaa haumuulizi mtu aina ya mkataba wake.

Sheria nayo haikunyamaza. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 40, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mwanamke ulinzi wakati wa mimba na baada ya kuzaa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliweka likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na siku 4 kwa baba. Kanuni za mwaka 2011 zikasema mtu asiwekwe kibarua zaidi ya miezi minne. Ni wangapi kati yetu tumechuma miaka sita tukiitwa vibarua? Majirani zetu Tanzania, kwa sheria yao ya mwaka 2004, walimpa mama likizo ya siku 84, na ruhusa ya kunyonyesha ndani ya saa za kazi mpaka saa mbili kwa siku. Mwaka 2025 wakairekebisha ili mama aliyezaa njiti aongezewe muda. Na Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba Namba 183 wa mwaka 2000, liliweka likizo isiyopungua wiki 14, na kwamba mama mjamzito asilazimishwe kazi yenye madhara kwake au kwa mtoto. Karatasi zipo. Kazi yetu ni kuzitoa kwenye kabati na kuzipeleka shambani.

Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi liyatie mambo haya katika madai ya mkataba wa pamoja:

Kwanza, shamba lolote au kiwanda chochote chenye gari kiweke gari moja na dereva kwa dharura za usiku, na ufunguo ukae mahali panapojulikana na wote, bila kungoja karatasi ya mtu aliyelala mjini.

Pili, mama mjamzito apewe kazi nyepesi bila kupunguziwa ujira. Kubeba mizigo mizito na kusimama kutwa huongeza hatari ya kuzaa kabla ya wakati.

Tatu, siku ya kliniki, ya mama au ya mtoto mgonjwa, ithibitishwe kwa karatasi ya hospitali na isihesabiwe utoro. Baba naye apewe ruhusa hiyo. Mtoto si wa mama peke yake.

Nne, karibu na kazi iwepo nyumba ya kulea watoto yenye maji safi na mlezi aliyefundishwa, na mama aruhusiwe kwenda kunyonyesha. Mlezi anayewaona watoto ishirini kila siku ndiye atakayemtambua mapema yule asiyeangalia.

Tano, haya yote yamhusu kibarua kama yanavyomhusu wa kudumu.

Wako ndugu zetu, hasa wanaume, watakaosema chama ni cha mshahara. Tunawauliza mshahara unakwenda wapi. Nyumba yenye mtoto aliyeumia hupoteza kazi ya mtu mmoja, mara nyingi ya mama, na dada yake mtoto huacha shule ili amlee. Hilo ni punguzo la mshahara lisiloandikwa kwenye karatasi ya malipo, na halina mwisho wa mwezi.

Tumalize kwa neno la matumaini kwa mzazi aliye na mtoto wa namna hii sasa hivi. Ubongo wa mtoto mdogo bado unajifunza, na miaka ya kwanza ndiyo ya kuufundisha. Wengi huongeza kuona kwao wakisaidiwa. Hatuahidi kwamba atakuwa kama wengine. Tunasema kwamba kidogo anachokiona kinaweza kukua.

Mfanyie hivi. Mwonyeshe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, si rundo. Kiwe cha rangi kali. Wengi wanavutwa na njano au nyekundu. Nyuma yake tandika nguo ya rangi moja isiyo na maua, blanketi jeusi linafaa. Mwanga utoke nyuma ya mtoto, usimpige usoni. Kisogeze kitu polepole, kisha ngoja. Hesabu mpaka ishirini kabla ya kusema haoni, maana karani aliyeumia anaandika polepole. Zima redio. Tumia kikombe kile kile kila siku, ukimtajia jina lake na kumwachia akiguse. Sogeza uso wako karibu naye, kiasi cha hatua moja ya mkono, uongee naye. Kama ana kifafa usimkatishie dawa, kwa kuwa ubongo unaotikiswa kila siku haupati nafasi ya kujifunza. Na dawa ya majani isiingie machoni.

Mama yule alifanya hayo yote. Tulimwendea, tukamwomba radhi, tukalifikisha shauri lake kwa uongozi. Hakurudishwa kazini, tulichelewa. Sasa anauza ndizi barabarani. Mtoto ana miaka minne. Hajatembea bado, lakini anakitambua kikombe chake cha njano kati ya viwili, na mama anapokuja karibu, kabla hajasema neno, anacheka.

Ila jambo moja tulilipata. Ufunguo wa gari la shamba sasa unaning'inia kwenye msumari ndani ya kibanda cha askari wa lango, na juu yake iko karatasi yenye majina ya madereva wawili wa zamu. Usiku wowote, mtu yeyote, wa kudumu au kibarua, anaweza kuuomba. Haukugharimu mwajiri shilingi moja zaidi ya msumari.

Ndugu msomaji, leo ukitoka kazini pita langoni uulize: kwenu, ufunguo unakaa wapi? Jibu lake ulilete kwenye mkutano wa tawi.